Sauna Moja, Mashairi Mawili

Mto Detroit, 14 Oktoba 1986

Mwanangu Marja,

Barua yako imepanda melini kwa ndoo. Mashua ya posta ilitusogelea ubavuni, tukashusha kamba kama kawaida, ndoo ikarudi juu na gazeti la nahodha, soksi za injinia na wewe. Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo, na kwa mpishi hicho ni cheti. Nakusalimu wewe, namsalimu mama yako, namsalimu bibi yako Hilja na magoti yake yote mawili. Msalimu na paka.

Kwa hiyo sasa wewe ni mwalimu wa darasa la nne. Katika ukoo wa Pelkonen jambo hili halijawahi kutokea. Mimi niliishia darasa la nane, na hilo la nane walinipa ili niwaondokee. Lakini dunia nimeisoma ukurasa kwa ukurasa. Nimewapikia manahodha saba, na wanne kati yao walilia niliposhuka meli zao. Nimetembea Duluth, Cleveland, Toledo, na Montreal mara moja, ambako kuna mwanamke bado anaulizia habari zangu. Kwa hiyo ukikwama darasani usihangaike na vitabu, niulize mimi. Hakuna somo nisilolijua, ukiacha hesabu, tahajia, na jiografia ya nchi kavu.

Tunapeleka mawe ya chuma Cleveland, kisha tunarudi kuchukua mengine. Kazi yetu ni kuhamisha mlima, kipande kwa kipande, na mimi ndiye ninayewapa chai wanaouhamisha.

Baba yako mdogo,
Reino


Nyumbani, 16 Novemba 1986

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Theluji imefika kwenye madirisha ya chini na Bibi anasema bado haijaanza. Mama amekuokea mkate wa iliki, lakini posta imekataa kuupokea kwa sababu ya uzito, kwa hiyo tumeula kwa niaba yako. Baba naye hajambo. Najua hukumuuliza, nakuambia tu.

Ulisema niulize nikikwama. Nimekwama.

Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja. Mwalimu mkuu, Bibi Trevarrow, ataamua mwezi wa nne kama nitabaki au nitarudi kuuza viatu. Wiki iliyopita alikuja kukaa nyuma ya darasa na daftari lake. Nilikuwa nafundisha kulinganisha na kutofautisha kwa kutumia mashairi. Nilichukua mawili ya theluji kutoka kitabuni, nikachora ubaoni maduara mawili yaliyopishana: tofauti zinakaa pembeni, kila upande na zake, na yanayofanana yanaingia pale katikati maduara yanapopandana. Unajua watoto waliandika nini? "La kwanza refu. La pili fupi." Na katikati: "Yote ni mashairi." Darasa zima, watoto ishirini na wawili. Mmoja aliongeza, "Yote yameandikwa kwa wino."

Bibi Trevarrow aliniachia karatasi yenye mstari mmoja: Wanahesabu, hawalinganishi. Atarudi tarehe tisa Aprili, somo hilohilo. Hiyo ndiyo siku yangu.

Nimefikiri kwamba kosa ni mashairi yenyewe. Hayakuwa na kitu cha kutafuta. Nataka mawili kuhusu kitu ambacho kila mtoto hapa anakijua kwa ngozi yake. Nataka sauna. Kila mmoja wao huoga mvuke wa sauna Jumamosi. Umewahi kusema wewe ni mshairi. Niandikie moja, na tafadhali lisiwe la dhoruba ziwani.

Na Krismasi unakuja? Nauliza kila mwaka, na kila mwaka kuna meli ya kulinda.

Mwanao,
Marja


Malango ya Sault, 9 Desemba 1986

Mwanangu mwalimu,

Salamu kwako na kwa wote wanaokula mikate yangu. Hapa barafu imeanza kupanda ubavuni mwa meli na mabaharia wanaipiga kwa nyundo za mbao. Mimi nawapigia mayai. Kila mtu na silaha yake.

Krismasi haitawezekana. Meli italala Toledo hadi mwezi wa tatu na lazima mtu aaminikaye abaki kuilinda. Wameniomba mimi. Wameniomba sana.

Sasa somo lako. Bibi Trevarrow anasema kweli, na mimi nitakuambia kwa nini, bure. Mpe mtu supu moja umuulize ikoje, atakuambia "nzuri" au "ya moto". Mpe supu mbili, kijiko kimoja huku, kimoja kule, ghafla ulimi wake unapata elimu: hii ina pilipili manga, hii imewekwa chumvi na mtu mwenye hasira. Lakini supu zenyewe ziwe za kitu kimoja. Ukimpa ya samaki na ya njegere atakuambia hii samaki, hii njegere, basi, mmemaliza. Mpe za samaki mbili, kutoka ziwa moja, wapishi wawili. Hapo ndipo ataanza kutafuta.

Nilikuwa na dhoruba tatu tayari, za kutisha, lakini umetaka sauna. Haya, sauna. Nimeiandika kwa siku mbili na viazi vimeungua kwa ajili yake. Usiandike jina langu, sitaki kusumbuliwa na magazeti.

Mimi bingwa toka kale, nijulikanaye pwani,
Nyumba ya mvuke ile, niliijenga ziwani,
Wengine walala tele, kofia zao usoni,
Kila msumari ule, niliupiga yakini.

Siku ile ikawaka, paa likashika moto,
Kuni nani kaziweka, mtu wa akili nzito,
Mara tatu nikaruka, ndani ya lile fukuto,
Si ndoo niliyotaka, wala kata, wala kito.

Nyusi zote zaungua, nikatoka nikicheka,
Baadaye zikakua, wasichana wakataka,
Nilitafuta, najua, nacho sitakitamka,
Bingwa sasa napumua, kalamu ninaiweka.

Vina vyote viko mahali pake, vya kati na vya mwisho. Hesabu mizani ukipenda, mimi nimehesabu kwa vijiko.

Reino, mshairi wa Maziwa yote Makuu


Nyumbani, 25 Januari 1987

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Bibi alianguka kwenye ngazi, hakuumia ila ngazi imevunjika. Mama anakushukuru kwa sweta. Paka amezaa, kwa hiyo yule uliyekuwa ukimsalimu kama bwana ni bibi.

Shairi lako nimelisoma mara nyingi. Nililisoma pia mezani, Jumapili, kwa sauti. Mama alicheka hadi akatokwa na machozi pale pa wasichana. Bibi akasema, "Huyo ni Reino, hata akiungua anajisifu." Baba alikuwa amemaliza kula. Alisimama, akaosha sahani yake, akaipangusa, akaiosha tena.

Niseme wazi, maana katika nyumba hii hakuna mwingine atakayesema. Sauna iliungua mkesha wa katikati ya kiangazi, mwaka sabini na tano, nikiwa na miaka kumi na miwili. Babu aliijenga na nyinyi wawili, na alikuwa ametutoka mwaka mmoja kabla. Siku ile mlipokuwa mmesimama kwenye majivu, wewe na Baba mliambiana kitu, na tangu siku hiyo hujakanyaga kizingiti chetu, naye halitaji jina lako. Ni miaka kumi na moja sasa. Mimi nina wazazi wa kiume wawili wasiozungumza na sijui hata ni kwa nini. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyejaza kuni. Kwa ajili ya kuni?

Basi, nimesema. Sitarudia.

Habari njema ni kwamba nimepata shairi la pili. Ni la sauna hiyohiyo, la mpishi mwingine, kama ulivyotaka. Usiniulize limetoka wapi, nimeahidi. Nililikuta limekunjwa ndani ya sanduku langu la chakula cha mchana, chini ya pasti, ule mkate wa nyama na viazi wa wachimba mgodi, kwa penseli. Lina harufu ya kitunguu.

Mwanao,
Marja


Toledo, 15 Februari 1987

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mpe pole Bibi, na ngazi pia. Hapa tuko wawili tu, mimi na meli. Nampikia mlinzi wa gati, mzee mmoja anayesema supu yangu imemrudishia meno. Nimezunguka mji wote na sasa kila baa wananijua, kwa mema.

Kuhusu hayo mengine uliyoyaandika, hali ya hewa Toledo ni mbaya sana, upepo unatoka kaskazini.

Turudi kwenye mambo ya maana. Huyu mshairi wa pili ni nani? Sitaki jina, nataka sifa. Ana vina? Nina hakika hana. Watu wengi siku hizi wanakata sentensi vipande vipande, wanaziweka moja chini ya nyingine kama kuni, wanasema shairi. Shairi bila vina ni kahawa bila kahawa, unabaki unakunywa maji moto. Na unasema ni la sauna hiyohiyo. Haiwezekani. Siku ile tulikuwa watu wawili tu pale ziwani kabla majirani hawajafika.

Watu wawili tu.

Nimeacha kalamu hapa kwa muda, nikaenda kukoroga kitu. Sasa nimerudi. Nakutakia tarehe tisa njema. Usiwape watoto jibu. Mpishi akishasema "nimeweka bizari", hakuna anayeonja tena.

Reino


Nyumbani, 11 Aprili 1987

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Wote wazima, paka wadogo wanne tumewagawa, Bibi ana ngazi mpya na ameanza kuitukana. Najua meli imetoka Toledo, kwa hiyo barua hii itakupata kwenye ndoo.

Nitakueleza somo lote, kwa sababu una haki.

Bibi Trevarrow alikaa nyuma na daftari. Niliibonyeza chaki ubaoni hadi ikavunjika. Niliwapa watoto mashairi yote mawili, bila majina. La kwanza ni lako. La pili ni hili:

Baba alichonga mlango.
Mdogo wangu alipiga misumari, mingine imepinda.
Mimi nilishika mbao.

Moto ulipokuja sikujua nani alitia kuni.
Labda mimi.

Niliingia kwa mlango.
Kata ya shaba ilikuwa mahali pake ukutani. Niliiacha.
Niliita jina moja tu.
Moshi haukujibu.

Nikatoka.
Nikamkuta amesimama nje, hana nyusi.
Nikamtukana.

Niliwaambia sheria moja: katikati ya maduara msiandike jambo ambalo ni kweli kwa mashairi yote duniani. "Yote yana maneno" hairuhusiwi. Walinung'unika, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lao.

Mwanzo walikwenda pembeni. Huyu anajisifu, huyu hajisifu. Huyu anasema alijenga yote, huyu anasema alishika mbao tu. Dale Kemppainen, ambaye baba yake ni seremala, akasema, "Huyu wa kwanza ni mwongo. Hakuna mtu anayejenga sauna peke yake, nani atashika upande wa pili?" Darasa likacheka. Nikaandika: mmoja anaficha msaidizi, mmoja anamtaja.

Kisha wakakwama, katikati patupu. Nikasikia kalamu ya Bibi Trevarrow inaandika na nikajua inaandika nini. Nilitamani kuwaambia. Nikakumbuka bizari yako, nikafunga mdomo.

Tina Goudreau ndiye aliyeanza. Ni mtoto ambaye hakai kwenye kiti, namrudisha mara ishirini kwa siku. Akasimama, bila ruhusa.

"Mwalimu, nyusi."

"Nyusi zimefanyaje?"

"Zipo huku na zipo huku. Huyu bingwa ameungua nyusi. Na huyu mwingine alipotoka amekuta mtu hana nyusi. Ni yeye. Wanajuana hawa."

"Ni ndugu, mjinga wewe," akasema Dale. "Ameandika mdogo wangu."

"Mjinga wewe, nilikuwa nafika huko."

Nikawaambia hakuna mjinga, waendelee. Tina alishakuja hadi ubaoni. Akasema, "Bingwa anasema hakufuata ndoo wala kata. Huyu naye aliiona kata akaiacha. Kwa hiyo wote wawili waliingia kwenye moto na hakuna aliyechukua kitu. Sasa walifuata nini?"

Mtoto mmoja wa mbele akasema polepole, "Huyu wa pili aliita jina."

Baba Mdogo, darasa zima likarudi kwenye karatasi. Umewahi kuona watoto ishirini na wawili wakisoma tena bila kuambiwa? Ni nadra kama jua la Januari.

Tina akasema, "Walikuwa wanatafutana." Kisha akakunja uso. "Lakini mbona hawakuonana?"

Dale akapiga meza. "Huyu aliingia kwa mlango. Bingwa aliruka. Mlangoni huruki, unapita. Unaruka dirisha. Kila sauna ina dirisha la upande wa ziwa. Mmoja huku, mmoja huku, na moshi katikati."

Nikauliza, na sauti yangu haikuwa ya mwalimu tena, "Kwa nini basi alimtukana?"

Tina akanitazama kana kwamba mimi ndiye wa darasa la nne. "Kwa sababu aliogopa. Mama yangu nikichelewa barabarani hunitukana kwanza, kisha hunikumbatia. Huyu alisahau sehemu ya pili."

Wakaandika katikati ya maduara, kwa mkono wa Tina: Kila mmoja aliingia kumtafuta mwenzake. Hakuna aliyesema.

Bibi Trevarrow alifunga daftari lake, akapenga kamasi. Mlangoni aliniambia, "Darasa lako ni lilelile, Septemba. Na yule Goudreau mtafutie kiti chenye gundi." Nimepata kazi yangu, Baba Mdogo. Supu mbili za samaki.

Nimeambatanisha karatasi ya maduara. Niliahidi kutotaja jina la mshairi wa pili, na sijalitaja. Karatasi kama hiyohiyo nimeiweka pia kwenye sanduku la chakula la mtu fulani anayekwenda mgodini, chini ya pasti.

Mwanao,
Marja


Ziwa Superior, 20 Mei 1987

Mwanangu Marja,

Salamu kwako, kwa mama yako, kwa Bibi na kwa ngazi. Hongera ya kazi. Nilijua. Nilimwambia kila mtu kwenye meli hii kuwa wewe ndiye mwalimu bora wa jimbo, na kwamba umejifunza kwangu. Pia nimemwambia mtia mafuta wa mashine, ambaye hakuuliza.

Barua yako niliipokea kwenye ndoo nikiwa na maharage jikoni. Nililisoma shairi la pili hadi pale pa misumari iliyopinda nikasema, mshenzi huyu, hakuna mtu mwingine duniani anayeijua ile misumari. Nikaendelea. Maharage yaliungua. Wanaume ishirini na sita walikula mkate na jibini siku ile, na aliyethubutu kuuliza alitazama uso wangu akaacha.

Sasa nitakuambia kilichosemwa kwenye majivu, kwa kuwa watoto wako wameshajua kuliko mimi. Alinikuta nje, akanishika shati, akasema, "Mpumbavu, ungekufa." Mimi nilikuwa nimetoka dirishani mara ya tatu, mapafu yamejaa moshi, nikiamini nimemwacha ndani. Nilisikia "mpumbavu" tu. Nikamjibu kuwa kuni alijaza yeye. Naye akanijibu, nami nikamjibu. Nina ulimi mzuri sana kwa majibu, unajua. Miaka kumi na moja nimemjibu peke yangu, katika bandari zote.

Nilimtumia kadi. Maneno manne: Jumanne, saa nne, Marquette. Hakujibu. Nikajua atakuja, maana ndugu yangu angekuwa haji angeandika.

Wewe jana ulikuwa darasani, ndiyo maana nakuandikia. Meli ilikuwa inapakia mawe, nami nilikuwa na saa sita za ruhusa. Nilishuka nimevaa shati la Montreal. Ndugu yangu alikuwa kwenye geti la bandari, amezeeka, na mimi nilikuwa nimedhani mimi peke yangu ndiye ninayezeeka. Mkononi alishika ile kata ya shaba. Aliitoa kwenye majivu siku ileile, kumbe. Nyeusi, mpini hakuna.

Nikamwambia, "Urho, mimi sikufuata kata."

Akasema, "Najua. Nimesoma."

Nilikuwa nimeandaa hotuba, Marja. Nzuri, yenye vina. Yote ikanitoka kichwani kama maji kwenye chujio. Akanitazama usoni muda mrefu, akasema, "Zimeota vizuri."

"Nini?"

"Nyusi."

Kisha akatimiza ile sehemu ya pili ambayo Tina alisema aliisahau. Haikuchukua muda, sisi si watu wa kuchukua muda, lakini mbavu zangu bado zinaikumbuka.

Tulikaa kwenye gari lake tukala pasti mbili za mama yako. Akaniambia amenunua mbao za mwerezi za sauna mwezi uliopita. Nikamuuliza unene. Akasema inchi mbili. Nikamwambia inatosha. Mwezi wa saba nachukua likizo ya wiki tatu, ya kwanza tangu nianze kupika, na nahodha tayari analia.

Nilimwambia misumari nitapiga mimi, kama zamani. Akatafuna, akatazama ziwa, akasema, "Piga. Mimi nitashika mbao, halafu ukilala nitainyoosha."

Mwambie Tina Goudreau na yule Dale wa seremala kuwa wiki ya pili tutahitaji watu wa kutuonyesha dirisha likae wapi.

Baba yako mdogo,
Reino